Mgeni akikodi nyumba kijijini, na ziwa kalikodi?

Wakuu mwangaluka. Hili jambo niko nalo tangu Desemba, leo naliweka mezani tulijadili, hasa nyie wa Magu, Sengerema, Ukerewe na sisi wa huku Ilemela.

Siku hizi mtu wa mjini akichoka anatafuta nyumba ya kukodi kijijini kando ya Ziwa Victoria, iliyojitenga, isiyo na jirani, analala siku tatu nne anarudi zake mjini. Na itazidi tu, maana zamani kwenda upande wa Sengerema ulikuwa unakaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo mpaka unachoka, sasa tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka dakika chache umeshafika Busisi. Swali langu ni hili: mwenye nyumba ana haki ya kufunga njia ya wanakijiji kwenda ziwani ili mpangaji wake asisumbuliwe? Mimi nasema hana.

Desemba tulikodi nyumba ya namna hiyo sisi wenyewe, sitataja ni kijiji gani. Mama alikuwa ametimiza miaka 70, akasema hataki ukumbi wala keki, anataka kulala sehemu anasikia maji. Nyumba ilikuwa nzuri sitadanganya, mawe makubwa haya ya kwetu yamezunguka, ukuta, geti, mlinzi, unatoka sebuleni unakanyaga mchanga. Asubuhi saa kumi na mbili natoka nje namkuta mama mmoja na mabinti zake wawili wamesimama getini na ndoo, mlinzi anawaambia wazunguke leo kuna wageni. Nikamuuliza wazunguke wapi? Akanionyesha nyuma ya mwamba, kule ni nusu saa ya kutembea, na kurudi una ndoo kichwani. Kumbe njia yao toka enzi inapita palepale penye geti.

Mama yangu alikuwa nyuma yangu kasikia yote. Akawaamkia kwa Kisukuma akawaambia piteni wanangu. Mlinzi simlaumu, yeye kaajiriwa. Wakati wanarudi na maji yule mama akasimama akatuambia, wale watoto msiwaache wacheze pale kwenye matete, kuna kichocho, na jioni kiboko anapanda palepale kula majani. Hakuna aliyekuwa ametuambia hilo, si mwenye nyumba wala mlinzi, na watoto wetu jana yake walikuwa wameshinda palepale kwenye matete. Ikabidi tukirudi mjini tuwapeleke wote kupima. Yaani watu ambao sisi tulilipa laki moja na nusu kwa usiku ili tusiwaone, ndio waliokuwa wanajua hatari iko wapi.

Shemeji yangu ana kiwanja ufukweni na hili tumebishana mpaka usiku. Hoja yake ni kwamba mgeni analipia faragha, ukiruhusu watu wapite uani na ndoo hatarudi, halafu vitu vikiibiwa anadaiwa mwenye nyumba. Ya wizi naielewa kabisa. Basi jenga ukuta wa nyumba yako, weka mlinzi mlangoni, lakini njia iache ukutani kwa nje. Ukuta unaoshuka mpaka majini unamzuia mwizi gani, mwizi wa ziwani anakuja na mtumbwi!

Halafu kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60, wakati lile geti nililipima kwa hatua mpaka kwenye maji hazikufika ishirini. Na wote tuliona 2020 ziwa lilivyopanda likaingia majumbani kwa watu, ile nafasi haikuwekwa kwa bahati mbaya. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inaruhusu kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Kwa hiyo njia ya maji, mwalo (pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na kushusha samaki), sehemu ya kuanikia dagaa, hivi vyote viandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na mkutano mkuu uvipitishe kabla hata kiwanja cha kwanza hakijapewa mtu. Ukishachelewa unakuta mtu ana karatasi na wewe una kumbukumbu tu, hapo umekwisha.

Kuna kitu kingine kinaniuma kwenye hizi nyumba, namna wanavyouza utulivu. Utulivu gani? Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa iko majini na taa zake mpaka alfajiri, injini zinanguruma, watu wanaitana, asubuhi kina mama wako mchangani wanaanika. Kukiwa na mbalamwezi ndio wavuvi wa dagaa wanapumzika, dagaa hawafuati taa vizuri. Mgeni akitaka kimya kabisa mwenye nyumba amwambie tu ukweli, njoo mwezi ukiwa mpevu, badala ya kwenda kwa mwenyekiti kuomba mwalo uhamishwe. Ndiyo, kuna sehemu ombi hilo limeshapelekwa, ndio maana naandika.

Msinielewe vibaya, sipingi biashara. Sisi tulinunua sato mwaloni, bodaboda akapata hela, dada wa palepale kijijini alitupikia siku zote nne. Ningependa hata wenyeji wenyewe wajenge vyumba viwili vitatu wapangishe, hela ilale kijijini. Ila mgeni atambulishwe kwa mwenyekiti wa kitongoji kama zamani, na akubali kwamba asubuhi watu watapita na ndoo.

Sasa nyie wenzangu, hasa mnaopangisha: njia ya kwenda majini iko wazi hapo kwenu? Na wa Ukerewe, viwanja vya ufukweni vikitolewa huwa mnaitwa kwenye mkutano au mnaona ukuta tu unapanda?