Naomba ushauri: asilimia za upakuaji zinavuruga matokeo ya GDB

Mleta mada: Wakuu, naombeni msaada. Kila ninaposaka hitilafu kwa GDB (programu ya kusakia hitilafu za programu nyingine), asilimia za upakuaji wa taarifa za kusakia hitilafu hutangulia kile ninachokitafuta, na nikifungua faili la kumbukumbu baadaye nakuta mstari mmoja mrefu mno, ambamo ujumbe ninaouhitaji umezama. Niziondoeje bila kupoteza kitu?

Mchangiaji 1: Weka `set debuginfod verbose 0` ndani ya `.gdbinit`, faili la mipangilio ya GDB; debuginfod ndiyo huduma inayoleta taarifa hizo. Upakuaji utaendelea kimyakimya.

Mchangiaji 2: Mimi nawasihi vijana wasikimbilie kuzima kila kitu. Mwenzangu kazini alizima viashiria vyote, na mtandao ulipozorota akawa anaikatiza programu akiamini imekwama, kumbe ilikuwa bado inapakua.

Mchangiaji 3: Samahani, kisa hiki nakitilia shaka. GDB huchora asilimia pale tu inapoona inaandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Ukielekeza matokeo kwenye faili, haizichori. Faili lenye asilimia umelitoa wapi?

Mleta mada: Sijatunga, mkuu. Narekodi kikao kizima kwa amri ya `script`, kwa sababu nataka rangi na amri ninazoandika zibaki. Tena nimekwisha kuandika kichujio cha `grep -v '%'`, kinachoondoa kila mstari wenye alama ya asilimia, nacho kinafanya kazi, sioni kwa nini nikitupe.

Mchangiaji 3: Basi nimekuelewa, na shaka yangu naiondoa. `script` huipa programu terminali bandia, hivyo GDB huamini kuna mtu anayetazama. Alama ya `\r` hurudisha kishale mwanzoni mwa mstari, lakini ndani ya faili haifuti chochote, ndiyo maana hatua zote zimeshikana. Kichujio chako ndicho kinachonitia hofu: kwenye vichakataji vya x86, GDB kwa kawaida huandika majina ya rejista (nafasi ndogo za kuhifadhi data ndani ya kichakataji) yakitanguliwa na alama hiyohiyo, kwa mfano `mov %rsp,%rbp`, kwa hiyo kila mstari wa asembli (maagizo ya kichakataji kwa maandishi) unaogusa rejista utaondoka.

Mleta mada: Asembli huisoma mara chache. Na mafaili ya zamani je?

Mchangiaji 3: Hata mara hizo chache utazihitaji. Kwa ya zamani, tumia kwanza `tr '\r' '\n'`, inayogeuza kila `\r` kuwa mstari mpya, ili hatua zitengane, ndipo uondoe mistari yenye mabano ya mraba na asilimia kwa pamoja. Kwa vikao vipya, fuata ushauri wa Mchangiaji 1.