Mrejesho: Okidi yangu iliyokuwa ikioza mizizi

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini okidi yangu, ile Ansellia africana ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, ilikuwa ikioza mizizi, nanyi mkanishauri nihudhurie mkutano wa chama cha wakuzaji hapa Nairobi. Nilikwenda Jumamosi. Wenzangu walileta mimea iliyochanua. Wangu, usio na hata ua moja, ndio uliojadiliwa kwa muda mrefu zaidi. Mama mmoja aliung'oa kwenye udongo wa bustani niliokuwa nimeushindilia, akakata mizizi iliyolainika kwa mkasi aliokwisha kuupitisha motoni, akaupanda upya katika vipande vya magome na mkaa, akinieleza kwamba okidi hii huota juu ya miti na mizizi yake huhitaji hewa. Sasa ninamwagilia mizizi ikishakauka tu, na chipukizi moja limeanza kutokeza.