Binti ana Turner, wenzake wameshavunja ungo: aambiwe nini, na nani?

MwalimuMalezi
Habari za jioni wadau. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, shule ya kutwa huku Temeke, ana miaka 13. Hospitali wamemwambia mama yake kuwa ni Turner, hali ya kuzaliwa nayo: kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) ni 45 badala ya 46, ile ya X moja haipo. Mtoto mwenyewe hajui. Wenzake wengi wamevunja ungo, bibi kila siku anauliza mwali atachezwa lini, darasani wanamwita "katoto". Kiswahili anaongoza, hesabu anaanguka, na utani anauchukulia kweli mpaka analia. Mama anataka tumfiche hadi amalize kidato cha nne, masomo yasivurugike. Ni sawa?

NesiWaWatoto
Si sawa, mwalimu. Mtoto anayepimwa urefu na kutolewa damu kila kliniki, huku wakubwa wananong'ona, anajua kuna jambo. Asipopewa jibu hujitungia lake, nalo huwa baya kuliko ukweli: nimelogwa, nitakufa, mimi si mwanamke.

Mama ndiye amwambie binti, nyumbani, kidogo kidogo. Siku ya kwanza maneno machache yanatosha: "Umezaliwa msichana na utakuwa mwanamke. Mwilini mwako X moja imepungua, ndiyo maana hurefuki kama wenzako na ovari hazitoi homoni ya kutosha. Hakuna aliyekosea, si mimi, si baba yako, si wewe." Kisha mama anyamaze. Ajibu lile atakaloulizwa.

Habari ya uzazi isingoje siku ya posa. Ajue kwamba wengi wenye Turner hawashiki mimba bila msaada wa kitabibu, wachache hushika, na moyo, ambao Turner huweza kuuathiri, lazima upimwe kabla ya mimba yoyote. Bibi ajibiwe kwa heshima: "Yuko kwenye matibabu, bibi, daktari ndiye atakayetupa wakati." Zaidi ya hapo, binti mwenyewe achague nani ajue.

MamaWawili
Samahani dada nesi, si kuna vidonge vya uzazi wa mpango vinavyoleta hedhi? Apewe avunje ungo, maneno yaishe.

NesiWaWatoto
Hapana, dada yangu. Vile vina dozi ya mtu mzima, na estrojeni (homoni ya kike) nyingi mapema hufunga mifupa, kimo kikaishia hapo hapo. Daktari wa homoni huanza na kiasi kidogo mno, kama sehemu ya kumi ya dozi ya mtu mzima, kwa kawaida kwenye miaka 11 hadi 12, akapandisha taratibu kwa miaka 2 hadi 3. Matiti hutangulia. Hedhi huja baadaye, homoni ya pili, projesteroni, ikishaongezwa. Huyu wa miaka 13 asicheleweshwe zaidi. Na kama moyo haujapimwa, eko (kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

MshauriWaWatoto
Niongeze la darasani. Kwanza apimwe usikivu. Turner huja na maambukizi ya sikio la kati ya mara kwa mara, na usikivu unaweza kupungua polepole. Asiyesikia vizuri huonekana anaringa au mzito. Akae mbele, na usiseme naye huku umegeukia ubao.

Hesabu si uvivu. Akili yao kwa kawaida haina tatizo, ila maumbo, ramani na kupanga tarakimu huwasumbua wengi. Mpe daftari la mirabamiraba, tarakimu moja kila kisanduku, na muda wa ziada.

Utani nao unafundishika. Wengi hupata shida kusoma uso wa mtu. Fanyeni zoezi dakika 10, mara mbili kwa wiki: sema "wewe bwana!" kwa hasira, kisha kwa utani, aangalie macho na mdomo, akwambie ipi ni ipi. Na nyie walimu msimbebe, msimpe nafasi ya mtoto mchanga kwenye igizo. Ana miaka 13, apewe majukumu ya miaka 13.

Akikosa usingizi, akijitenga au kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule kwa wiki mbili, apelekwe kwa mwanasaikolojia. Akitamka kwamba heri afe, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Simu kwa Mtoto ni 116, haina malipo.

MwalimuMalezi
Asanteni sana. Wakimuuliza mbona mfupi?

MshauriWaWatoto
Awe na jibu moja, alizoee kwa sauti mbele yako mpaka limtoke bila kutetemeka: "Mwili wangu unakua polepole, natibiwa. Haya, nani anarusha?" Kisha arudi kwenye rede yake.