Tupeane uzoefu: mfereji (maji ya bomba) na choo vilipofika kijijini kwenu, maradhi gani yaliondoka na yepi yalibaki?

Mkaazi wa Mtambwe

Assalamu alaykum. Barazani kwetu kuna mzee mmoja hushikilia kwamba tangu mfereji usogee karibu, wanawake wamepumzika kubeba ndoo, basi, maradhi ni yale yale. Mimi nasema si yale yale. Watoto wa sasa hawaharishi kama tulivyoharisha sisi wakati wa masika, maji ya kisima yakiwa rangi ya chai. Lakini hoja yake inanikera kwa sababu siwezi kuipangua yote. Mnaoishi shamba, Unguja na Pemba, elezeni mliyoyaona kwenu. Kipi kilipungua, kipi kiligoma, na mnadhani kwa nini?

Binti Wambaa

Waalaykumu salaam. Kwetu mfereji ulifika na kichocho kikabaki kwa miaka, maana kichocho hakinywewi. Mgonjwa akikojoa mtoni, mayai huanguliwa humo humo majini, vidudu vikaingia kwa konokono, vikitoka kwake vinatafuta ngozi ya mtu. Ukisimama maji ya magoti ukafua kanga zako, inatosha. Unaweza kunywa maji ya kuchemsha umri wako wote na bado ukakojoa damu.

Wavulana wa zama zetu wakikojoa damu waliambiwa wamebaleghe, na wenyewe wakaringa. Sisi wasichana ilikuwa balaa jengine: damu isiyo ya mwezini, maumivu chini ya kitovu, na ukienda kutibiwa unaangaliwa kwa jicho la zinaa. Najua mwanamke aliyemezeshwa dawa za maradhi ya zinaa mara kadhaa, na ndoa ikayumba, hadi alipotokea mtu akawaza kuupima mkojo wake kwa kichocho.

Kilichobadilisha mambo ni pale maji yalipofika uani kabisa, si njiapanda. Mfereji ukiwa njiapanda unachota ya kunywa na kupikia, nguo unapeleka mtoni. Ukiwa uani, nguo unafulia nyumbani.

Mwalimu wa skuli ya shamba

Bi Wambaa kasema kweli, nami naongeza la watoto. Kuanzia 2012 dawa za kichocho zilikuwa zikigawiwa mara mbili kwa mwaka, skuli na majumbani. Tulikuwa tunampima mtoto urefu kwa kijiti chenye alama, alama ndiyo inayosema vidonge vingapi. Vikubwa, vichungu, na ukimpa mtoto hajala anatapika vyote. Mkojo wa kupima tulikuwa tunauchukua baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu ndio wakati mayai yanatoka kwa wingi. Chupa zinakwenda maabara ya Wawi, huku Pemba.

Idadi ya watoto wenye damu ilishuka waziwazi. Lakini nenda mtoni siku ya Ijumaa baada ya sala, utawakuta wale wale waliomeza dawa wanapiga mbizi. Mtoto hendi mtoni kutafuta maji, anakwenda kucheza. Hata ungemwekea mfereji chumbani! Palipojengwa choo cha kukojolea karibu na mto, na sehemu ya saruji ya kufulia pembeni, kidogo palisaidia. Makaripio yetu darasani sidhani kama yalisaidia.

Fundi wa pampu

Mnasahau kitu kimoja. Mfereji upo, maji yapo? Visima vyetu vingi vya kuchimbwa kwa mashine vinasukumwa na umeme. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba tulikuwa tunaishi na jenereta za dizeli. Leo ni nafuu kubwa, lakini pampu ikiungua kijiji kinarudi kisimani na mtoni siku hiyo hiyo. Na jengine: bomba likikaa tupu, pale lilipopasuka linanyonya uchafu wa nje. Maji yakirudi, ya mwanzo msiyanywe. Yaacheni yamwagike kwanza, yafulieni au mwagilieni migomba.

Nesi mstaafu, Mkoani

Nimekaa na wagonjwa wa kuharisha sehemu kubwa ya umri wangu, kwa hiyo mzee wa baraza namjibu mimi. Kuharisha kumepungua. Kipindupindu ndicho kinachotuaibisha. Kiliingia visiwani mara ya kwanza 1978 na kikawa kinarudi. Mwaka 2009 tuliwanywesha watu chanjo dozi mbili, Unguja na Pemba, na ilisaidia hata jirani asiyeinywa. Bado mlipuko wa 2015 hadi 2016 ulitufikia sote, mpaka vyakula vya barabarani vikapigwa marufuku.

Sasa, maji ya mfereji yanaharibikia wapi? Ndani ya nyumba! Mtungi mdomo wazi, kata inalazwa chini, kila mtoto anazamisha mkono na vidole vyake. Dumu lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo nzuri ya duka, kwa sababu huwezi kutia mkono, unamimina tu.

Na mtoto akiharisha msingoje gari. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha si vya kujaza. Mnyweshe kidogo kidogo. Ukifika kituoni omba na zinki, anapewa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekatika.

Safura, upungufu wa damu unaoletwa na minyoo, ndiyo nakubaliana na mzee. Minyoo yake inapita kwenye nyayo, udongo ukiwa umechafuliwa. Msimu wa karafuu watu wanashinda mashambani, choo hakuna, viatu hakuna. Mama mjamzito anakuja mweupe kwenye kope. Hapo mfereji hauna kazi, kazi ni ya choo na ndara.

Mtoto wa kisiwani

Choo, choo. Kwetu ni jiwe tupu. Shimo la kina cha mtu ni kazi ya siku nyingi kwa tindo, na nyumba zimebanana. Watu walizoea kwenda ufukweni, maji yanajaa yanachukua. Tulijengewa vyoo, vyengine leo vimewekwa nyavu na mashine za boti. Msituone wajinga: choo bila maji karibu hakitumiki na Muislamu, istinja, kujisafisha baada ya haja, utafanya na nini? Maji yalipovushwa kuja kwetu, vyoo navyo vikaanza kutumika. Kwa hiyo mnaosema mfereji mbali na choo mbali, kwetu vilikwenda pamoja.

Mmakunduchi

Hiyo istinja ndiyo iliyotuletea kisa chetu. Choo chenye maji mengi ni karo, yaani shimo la maji machafu, na karo ni nyumba ya mbu, wale wanaopenda maji machafu, wanaouma usiku. Ndio wanaosambaza matende na mabusha. Wazee wetu wengi walikuwa na mabusha, kanzu ikificha.

Mwaka 1988 walikuja watafiti, wakamimina kwenye mashimo ya vyoo vya Makunduchi chembe nyeupe nyepesi za plastiki, jamii ya zile zinazofungiwa televisheni mpya. Zikaelea juu ya maji, tabaka la sentimita moja hivi. Mbu hana pa kutagia, na viluwiluwi vinakosa pumzi kwa sababu huvuta hewa kutoka juu. Watu walidhani ni mchezo. Mbu walipungua hata wengine wakaacha kutungika chandarua, jambo ambalo sikulipenda, maana malaria ina mbu wake. Wakati huo huo tulipewa dawa. Kwengine walikotoa dawa bila chembe, vimelea vilianza kupanda tena. Kwetu viliendelea kushuka. Baadaye, kuanzia 2001, ndipo dawa za matende zikawa za Zanzibar nzima.

Nasikitika fikra ile haikuenea. Siku hizi kila anayejenga anachimba karo na kuliacha bomba la hewa wazi. Kipande cha wavu wa dirisha juu ya bomba ni shilingi ngapi?

Mkaazi wa Mtambwe

Shukrani, mzee nitamsomea yote. Ila mmenitia wasiwasi: karo langu na kisima cha jirani vinatazamana. Umbali gani unatosha?

Fundi wa pampu

Kawaida tunasema mita 30, na chini ya shimo pabaki mita mbili kabla ya kugusa maji ya ardhini. Kwenu Mtambwe udongo ni mzito, unachuja. Kwa wenzetu wa maweni, Makunduchi na Micheweni, usiiamini hiyo 30, maji yanapita kwenye nyufa za mawe bila kuchujwa. Kama huna nafasi, jenga karo la kuta na sakafu ya saruji, lifyonzwe likijaa, na kisima cha jirani kitiwe dawa. Pima kwanza kwa kamba, kisha tuandikie hapa umepata ngapi na kisima kiko upande wa mteremko au wa juu.