Gogo la bucha liondoke au libaki?

Mkazi wa Tabata: Wakuu, Bodi ya Nyama ilishasema magogo na mashoka yatoke buchani, iingie misumeno ya umeme. Bucha ninayonunua gogo bado lipo, limechimbika katikati kama kinu, nyufa zimejaa mafuta meusi. Jioni jamaa analikwangua kwa panga, anamwagia chumvi, basi. Kesho ng'ombe mwingine juu yake. Asiye na msumeno afunge.

Muuza Nyama Buguruni: Nikifunga, wanangu utawalisha wewe? Msumeno ni mamilioni, na umeme ukikatika nikate mifupa kwa meno? Halafu nyie wateja ndio mnaokataa nyama ya friji, mnasema "hiyo ya jana". Mnataka ya kuning'inia, na mnaiminya kwa vidole vilivyotoka kushika bomba la daladala.

Binti Kinondoni: Hapo kwa vidole umesema kweli. Ila wewe unapokea noti, unarudisha chenji, mkono huohuo unashika maini yangu. Kuweka mtu wa pesa kunahitaji mamilioni?

Mdau wa Mifugo: Muhuri mnaouona unasema mnyama alikaguliwa machinjioni, haulindi nyama baada ya hapo. Vingunguti wamejenga machinjio ya kisasa, lakini nyama ikishatoka inabebwaje, inakaa wapi? Bakteria kama E. coli wakipata joto na unyevu wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Nyama ya alfajiri inaning'inia kwenye joto la Dar mpaka jioni, mnabishania gogo! Na msumeno usiofunguliwa ukaoshwa nao ni hatari vilevile.

Mama Swaumu: Mnakuza mambo. Nyama ikifika nyumbani unaiosha maji matatu, unaichemsha. Wasichana wa siku hizi hawaoshi nyama ndiyo maana waume zao wanaumwa matumbo.

Binti Kinondoni: Wasichana wa siku hizi tumeingiaje? Kuosha nyama mbichi ndiko kunakorusha vijidudu kwenye sinki, kwenye vyombo, mpaka kwenye kachumbari inayoliwa mbichi. Kinachoua ni moto, nyuzi 70 mpaka katikati ya pande.

Mama Swaumu: Kwa hiyo niwapikie watu damu na vipande vya mifupa? Nimelea watoto, nimepika misiba na harusi, hakuna aliyelazwa. Usinifundishe jiko.

Mzee wa Ilala: Binti, punguza ukali, huyo ni mama yako. Nyama ya shoka bila kuosha hata mimi sili, inakuja na vijiti vya gogo.

Binti Kinondoni: Shikamoo mzee. Sijamtukana mtu. Yeye ndiye aliyeanza na ndoa za watu.

Muuza Nyama Buguruni: Na huo msumeno unatoa unga wa mfupa. Mtaosha zaidi.

Mkazi wa Tabata: Jamani, mada ni gogo. Liondoke au libaki?

Mama Swaumu: Subiri kwanza na gogo lako. Binti, na samaki huoshi?