Toni tamu nikiwa peke yangu, bendi ikianza gitaa halisikiki. Nibadilishe pedali au amplifaya?

nyuzi_sita

Wakuu habari. Naombeni ushauri kabla sijaingia gharama.

Gitaa lina pikapu tatu (vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi) za koili moja. Amplifaya ni ya valvu, wati 15, spika moja ya inchi 12, na nyuma ina lupu ya efekti (matundu ya kuunga pedali baada ya geini ya amplifaya) ambayo situmii. Kutoka gitaani pedali zimepangwa hivi: dilei ya dijitali (inarudia noti), korasi (inanenepesha sauti), ovadraivu (mkwaruzo laini), distoshani (mkwaruzo mkali), riveba (mwangwi), kisha tundu la mbele la amplifaya. Zote zinakula umeme wa adapta moja ya volti 9 kupitia waya wenye matawi. Kwenye amplifaya geini (nobu ya mkwaruzo) iko 7, besi 8, midi (sauti za kati) 2, trebo 8, volumu 2. Geini ya distoshani nimeizungusha hadi mwisho.

Kwa sauti ya chini toni ni nzito na tamu sana. Drams na besi zikiingia, nabaki mvumo mtupu. Nikipandisha volumu, watu wanaziba masikio lakini noti za solo bado hazitoki. Halafu nikikanyaga distoshani kuna mlio mwembamba kama wa mbu, hata nyuzi zikiwa zimetulia. Mmoja kanishauri pedali ya EQ (ya kupandisha na kushusha besi, midi na trebo), mwingine amplifaya ya wati 50. Nianze na ipi?

fundi_spika

Mkuu, funga pochi kwanza. Jibu liko kwenye namba ulizoandika mwenyewe: besi 8, midi 2, trebo 8.

Mwaka 1933 watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linasikia besi na trebo kwa udhaifu kuliko sauti za kati. Kwa hiyo ukipiga polepole unajazia pande hizo mbili mpaka sikio liridhike. Volumu ikipanda, sikio linaanza kuzisikia barabara, na kile ulichojazia kinazidi. Hapo ndipo watu wanapoziba masikio.

Halafu kuna suala la nafasi. Uzi mnene wa gitaa unalia Hz 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na eneo hilo tayari lina gitaa la besi na kiki, ile ngoma kubwa ya mguu. Juu ya Hz 5,000 ni matoazi, na spika ya gitaa ya inchi 12 yenyewe hushuka kwa kasi kuanzia hapo. Kinachokubeba katikati ya bendi ni kama Hz 400 hadi 3,000, na ndicho ulichokikata kwa midi 2. Ujue pia kwamba kwenye amplifaya nyingi za valvu nobu za toni haziongezi kitu, zinapunguza tu. Midi 2 maana yake umetupa sehemu kubwa ya sauti yako.

Fanya hivi, na ufanye kwa volumu ya mazoezi, bendi ikiwa inapiga:

1. Zima pedali zote. Besi 4, midi 7, trebo 5, geini 3.
2. Pandisha volumu mpaka kodi zako zisikike sawa na drams, bila kukwaruza sana.
3. Punguza besi taratibu mpaka mpiga besi aanze kusikika vizuri, kisha iache hapo. Peke yako itaonekana nyembamba. Usiiguse.
4. Trebo irekebishe ukiwa umesimama mita 3 mbele ya spika, masikio yako yakiwa usawa wake. Spika ya gitaa inarusha trebo mbele kama mstari. Ukisimama pembeni na spika ikilenga magoti yako, utaongeza trebo isiyohitajika.
5. Washa distoshani, geini yake ianze 3 au 4, si mwisho. Distoshani ikizidi inabana tofauti kati ya noti laini na noti ya nguvu, hivyo lile pigo la mwanzo la piki linapotea, na ndilo linaloifanya noti ya solo ijitokeze.

Kuhusu wati 50: kutoka 15 kwenda 50 unapata kama dB 5 tu (dB, yaani desibeli, ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji takriban dB 10, yaani wati mara kumi. Hiyo fedha itafanya kazi ndogo.

waya_mfupi

Naunga mkono, ila hajagusa mpangilio, na mpangilio wako ndio unaozalisha ule mvumo.

Dilei na korasi ziko kabla ya distoshani. Maana yake kila rudio la dilei linaingia kwenye distoshani pamoja na noti mpya, yote yanasagwa kwa pamoja na yanatoka yakiwa karibu sawa kwa ukubwa. Wapo wanaopenda hivyo kwa makusudi, lakini kwa noti zinazotakiwa kutengana ni uchafu. Weka: gitaa, ovadraivu, distoshani, korasi, dilei, riveba. Na kama geini ya amplifaya yenyewe inakwaruza, basi hizo tatu za mwisho zipeleke kwenye lupu: sendi (tundu la kutoka) iingie kwenye korasi, riveba irudi ritani (tundu la kurudi). Ukiziacha mbele, umetengeneza tatizo lile lile, safari hii mkwaruzo ukiwa ndani ya amplifaya.

Mbu wako ni umeme. Pedali ya dijitali ina saketi inayowasha na kuzima kwa kasi kubwa, na kelele yake inapita kwenye waya wa pamoja hadi kwenye distoshani, ambayo inaikuza. Kipimo ni rahisi: iwekee distoshani betri ya volti 9 peke yake, zingine ziache kwenye adapta. Mlio ukikatika, umempata mchawi. Si lazima ununue paua saplai ya bei kubwa. Dilei na riveba zikipata adapta zao, kila moja yake, mara nyingi inatosha. Ukinunua paua saplai, hakikisha kila tundu limetengwa na jingine kwa umeme. Zipo zenye matundu manane ambazo ndani ni waya wa matawi tu uliovalishwa boksi.

Soma pia mA (kiasi cha umeme inachokula) chini ya kila pedali. Ovadraivu ya analogia hula mA 5 hadi 20, dilei ya dijitali inaweza kula 50 hadi 300. Adapta ikizidiwa, dilei inajizima au sauti inakatikakatika. Na angalia alama ya plagi: nyingi ni hasi katikati. Pedali za zamani za fuzi (mkwaruzo wa aina ya fuzz) zenye transista za jerimaniamu huwa na chanya kwenye ethi. Ukizichanganya na zingine kwenye waya wa matawi, umepiga shoti.

Waya wenyewe je, ni mita ngapi? Kebo ya gitaa ina kama pF 100 kwa kila mita (pF hupima chaji ambayo waya unahifadhi; ikiwa nyingi, trebo inapungua). Mita 6 kwenda na mita 6 kurudi ni pF 1,200, na kama pedali zote ni za kupitisha moja kwa moja zikizimwa, trebo yako inaliwa njiani, nawe unaifidia kwenye amplifaya. Pedali moja yenye bafa (saketi inayoipa sauti nguvu ya kupita waya mrefu) karibu na mwanzo inamaliza tatizo. Ila fuzi ya jerimaniamu ikae kabla ya bafa; inataka kuona pikapu moja kwa moja, la sivyo inakuwa kali na haisafiki ukishusha volumu ya gitaa.

nyuzi_sita

Asanteni sana wakuu. Betri imekata ule mlio kabisa. Midi 7 peke yake inasikika kama redio, lakini kwenye bendi kodi zinatoka. Yamebaki mawili. Mvumo mzito haujaisha, ukiwa tofauti na ule wa mbu. Na kwenye solo, nikiongeza leveli ya ovadraivu napata mkwaruzo zaidi, ukubwa wa sauti uko pale pale.

fundi_spika

La pili ndilo tamu. Ukisukuma mbele ya amplifaya ambayo tayari inakwaruza, unaongeza mkwaruzo tu, kwa sababu hatua ya kwanza imeshafika mwisho wa uwezo wake. Ukubwa wa sauti unaongezwa baada ya mkwaruzo. Hapo sasa pedali ya EQ ina kazi: iweke kwenye lupu kabla ya dilei, nyanyua Hz 800 kwa dB 3, leveli kwa dB 3 au 4, shusha Hz 100 kidogo. Ikanyage kwenye solo pekee.

Ovadraivu nayo ina matumizi mengine. Kama ni ya ukoo wa Tube Screamer, ovadraivu maarufu, inapunguza besi na kuinua maeneo ya Hz 720. Draivu iwe 1, leveli 8, toni 5, iwe wazi muda wote mbele ya amplifaya yenye geini 4. Kwa mkao huo huenda distoshani usiihitaji kabisa.

Angalizo: kama volumu ya amplifaya imefika 7 na valvu za mwisho zimeanza kukwaruza, hata EQ ya kwenye lupu haitaongeza kitu.

koni_ya_karatasi

Na hapo ndipo mnaposahau spika. Watu wanabadilisha pedali tano kabla ya kuangalia kitu pekee kinachosukuma hewa. Angalia unyeti wake, dB kwa wati 1 umbali wa mita 1. Ikiwa ya sasa ni dB 97 ukaweka ya dB 100, umepata sawa na kuongeza wati mara mbili, wati 15 zifanye kazi ya 30. Celestion Vintage 30, kwa mfano, ni ya wati 60 na unyeti wa dB 100, na midi zake za juu zimejitokeza, jambo ambalo wewe ndilo unalolihitaji. Wengine wanaiona kali, isikilize kwanza.

Omu (ukinzani wa spika) ziwe zile zile, 8 kwa 8. Amplifaya ya valvu usiiwashe kamwe spika ikiwa imechomolewa, transfoma ya kutolea inaungua. Na waya wa kwenda spika uwe wa spika, si kebo ya gitaa.

waya_mfupi

Spika sawa, ila mvumo hauondoi. Mvumo ni pikapu za koili moja kunasa transfoma. Zungusha mwili ukiwa umeshika gitaa. Ukipungua upande fulani, ndio huo. Jaribu swichi ya pikapu nafasi ya 2 na ya 4: kama pikapu ya kati imesukwa kinyume, mvumo unajifuta. Geti ya kelele (pedali inayonyamazisha kelele usipopiga), ukiwa nayo, ikae baada ya distoshani, kabla ya dilei, la sivyo itakata mikia ya marudio. Usikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya eti kuondoa mvumo, hilo linaua.

Pima na kimo cha pikapu: bana nyuzi kwenye freti ya mwisho, acha kama mm 2.4 upande wa nyuzi nene, mm 2 upande wa nyembamba. Zikikaribia zaidi ya hapo, sumaku inavuta uzi na noti za juu zinayumba, nawe utalaumu korasi.

nyuzi_sita

Nimeelewa. Swali dogo: riveba nikiiweka kwenye lupu inapasuka sauti, mbele haikufanya hivyo.

waya_mfupi

Lupu yako inatoa leveli ya laini, kubwa kuliko ya gitaa. Tafuta swichi nyuma ya amplifaya yenye -10 na +4, iweke -10. Kama haipo, shusha geini kwanza, kisha pandisha volumu, au tafuta riveba inayokubali leveli ya laini.