Tupeane uzoefu: kazi ya madamu wa materneli kabla mtoto hajaandika hata herufi moja

Mkaazi wa Himbi
Ndugu zangu wa Goma, tarehe 30 Aprili, siku ya walimu, haichelewi kufika. Wazazi wengi tutapeleka kitenge na kusema asante. Ni vizuri, lakini asante inakuwa na uzito ukijua unashukuru nini. Wenye kuijua kazi ya madamu, yaani mwalimu wa kike wa materneli (shule ya awali), ya kulea na kufundisha watoto wa miaka 3 hadi 5, tuelezeni kinachofanyika mle kalasini, hatua kwa hatua, na pale inapoharibika.

Mama wa Ndosho
Juma la kwanza la Septemba ndilo zito kuliko yote. Mtoto akilia mlangoni, madamu anachuchumaa ili macho yao yawe sawa, anamwita kwa jina la nyumbani, kisha anamwomba mzazi aage mara moja tu na aondoke mtoto akimwona. Mzazi akitoroka kimyakimya, mtoto anashinda analinda mlango, na kesho yake hakubali hata kuvua begi. Kilio kinaambukiza: akianza mmoja, watano wanafuata. Ndiyo maana huyo mmoja anapakatwa huku wengine wakiimbishwa wimbo wa makofi. Mikono ikipata kazi, koo linatulia. Siku hizo saa mbili za kalasi zinatosha.

Mwalimu mstaafu
Swali linaloumiza walimu ni hili: "Mbona wangu haandiki bado?" Kiganja cha mtoto wa miaka 3 hakijakomaa. Akilazimishwa kraiyo (penseli) mapema, anaikaba kwa ngumi, anakandamiza mpaka kaye (daftari) inapasuka, na tabia hiyo kuing'oa baadaye ni shida.

Mkono unaandaliwa kwanza: kuchana karatasi vipande vidogo, kufinyanga, kupitisha kamba kwenye vifuniko vya soda vilivyotobolewa. Halafu mistari mikubwa hewani, kwa mkono mzima. Halafu kidole kwenye sinia la mchanga wa kina cha sentimita 1. Mchanga wetu mweusi wa volkano lazima uchekechwe, una chembe zinazokwaruza. Ubao unafuata, karatasi mwisho. Michoro nayo ina foleni yake: mstari uliosimama, uliolala, wa mshazari, duara, madaraja, vitanzi.

Duara ndipo madamu mwangalifu anapojulikana. Anaweka nukta palipo namba 1 kwenye uso wa saa, na mstari unapanda ukielekea kushoto. Mtoto akizoea kuzungusha kinyume cha hapo, *a*, *d* na *g* zitamsumbua shule ya msingi, na hakuna atakayekumbuka zilianzia wapi.

Mzazi wa Katindo
Shikamoo mwalimu. Na kraiyo ndefu si ndiyo bora, inadumu?

Mwalimu mstaafu
Marahaba. Kwa mdogo, kipande cha sentimita 5 ni bora. Ngumi haipati pa kushika, kwa hiyo vidole vitatu vinakaa vyenyewe. Na mwenye mkono wa kushoto akae mwisho wa benchi upande wa kushoto, viwiko visigongane. Karatasi yake ilazwe kwa kuinamia kulia. Asibadilishwe mkono.

Jikoni Birere
Kuhusu kufinyanga: udongo wa Goma ni wa lava changa, haushikani. Madamu wengi wanakanda unga usiku nyumbani kwao. Vikombe 2 vya unga wa ngano, 1 cha chumvi laini, kijiko cha mafuta, maji kikombe 1 yakimiminwa kidogokidogo. Kanda dakika 10. Ukinata ongeza unga, ukipasuka lowesha mikono tu, usimwage maji tena. Chumvi inazuia usioze haraka, na inamfanya anayeuonja auteme. Mwenye kidonda kidoleni apewe kazi nyingine, chumvi itamchoma. Ufungwe ndani ya kopo lenye kifuniko, la sivyo asubuhi ni jiwe.

Mama wa Ndosho
Niongeze choo, watu wanaona haya kukitaja. Mtoto wa miaka 3 anasema "nataka" wakati tayari amechelewa. Kwa hiyo wanapelekwa kwa zamu, saa ikifika, hata asiyeomba. Suruali iwe ya mpira kiunoni. Mkanda na kifungo kigumu ndivyo vinavyoleta ajali, na anayefua ni madamu. Hesabuni pia maji: watoto 40, nusu lita kwa kila mmoja, bidoni ya lita 20 imekwisha kwa kunawa mara moja. Mjini kwetu, ambako kipindupindu hakikai mbali, hapo hakuna kupunguza.

Mkaazi wa Himbi
Sasa ninaona tunachoshukuru. Kitenge kiende, ila kisiende peke yake. Elimu ya bure iliyoanza 2019 hapa Kongo ni ya shule za msingi za serikali. Materneli nyingi zinasimama kwa minerivali (ada) yetu, nasi tukichelewa, mshahara wa madamu ndio unachelewa. Tuilipe kwa wakati. Tutume na karatasi zilizochapwa upande mmoja, makopo yenye vifuniko, bidoni, suruali moja ya akiba kwa kila mtoto.

Mwalimu mstaafu
Na vifuniko vya soda. Vioshwe, kingo zipigwe nyundo zilale, tundu litobolewe kwa msumari kutoka ndani kwenda nje, halafu ule mdomo wa tundu usuguliwe kwenye jiwe. Usiposuguliwa unakata kidole.